Ripoti za Mayatima

Soko huria lilituletea Newala mitumba, redio za bei poa, na mwishowe kompyuta moja iliyokaa ofisini kwa mwalimu mkuu, imefunikwa kitambaa cha kutarizi. Mimi, mwalimu wa hesabu, ndiye niliyekabidhiwa. Nikajigamba kwamba muhula ule ripoti za wanafunzi zingetoka mashineni.

Sehemu ya programu ya kujumlisha alama niliiandika mwenyewe, mstari kwa mstari. Ilipofika ya kuchapa ripoti, uvivu ukanishika. Rafiki yangu wa Dar es Salaam alikuwa na kipande cha programu kilichokwisha kuandikwa, kinatumika shule za huko, akaniletea kwenye diski. Kwa nini nitwange mahindi na unga upo dukani? Nikakiunga kwenye programu yangu bila kukisoma ndani. Kikafanya kazi mara ya kwanza, nami nikatembea kifua mbele wiki nzima.

Siku ya wazazi niligawa ripoti mwenyewe, nimevaa tai. Mjomba wangu alikuja kutoka Kitangari kwa ajili ya mdogo wangu wa kidato cha pili. Kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama, na mara nyingi mjomba ndiye anayeandikishwa shuleni kuwa mlezi. Nafasi ya jina la baba kwenye fomu huachwa wazi, hata kama baba yupo Tandahimba na afya yake.

Mjomba akavaa miwani, akasoma kwa sauti, kama asomavyo kila kitu: "Mzazi, hakuna. Mwanafunzi ni yatima."

Watu wakacheka kidogo, kisha kila mmoja akaangalia karatasi yake.

"Jamani, hata huyu wangu!" akasema mama mmoja nyuma.

Aliyeandika kile kipande aliamua kwamba asiye na jina la baba hana mtu. Yeye hakutujua. Mimi ni mtoto wa hapahapa, na nilikipitisha. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Nikaanza kueleza habari za diski na Dar es Salaam, na kila nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kujidhalilisha.

"Mpwa wangu," mjomba akanikatiza, "wewe ulipoandikishwa shule, mlezi aliandikwa nani?"

"Wewe, mjomba."

Nilijibu kwa sauti ndogo mno. Akaniomba nirudie, wazazi wote wasikie.