Gari la MaZondi Halina Hitilafu

Mduduzi Khuzwayo alikuwa mwoga, na gereji nzima haikujua. Wangejuaje? Kazi yake pale kwa wauza magari wa Pietermaritzburg ilikuwa kuyaendesha magari ya wateja barabarani, aone kasoro kwa macho yake kabla mafundi hawajayafungua. Kila asubuhi alikuja na tai shingoni, akatundika koti nyuma ya mlango, akachukua funguo bila haraka. Vijana walimwita Rubani, naye alicheka nao.

Lakini tangu siku aliyoona lori lililokatika breki likipita ubavuni mwake kwenye mteremko mrefu wa Hilton unaoingia mjini, na kuona lilichokifanya huko chini, hakuushuka tena mteremko ule. Njia ya nyumbani kwake Edendale haipiti huko. Kazini aliyajaribu magari kwenye tambarare ya mjini, akazunguka uwanja wa maonyesho, akarudi na kuandika: halina hitilafu. Mara nyingi ilikuwa kweli, na hilo ndilo lililompa usingizi.

Gari la MaZondi lilikuwa dogo, jeupe, halijamaliza hata mwaka. Mwenyewe alikuwa mjane wa Howick, ng'ambo ya mteremko wa Hilton, analea wajukuu watatu na kuwateremsha mjini shuleni kila asubuhi. Alilileta akisema linazima mteremkoni. Khuzwayo akazunguka uwanja wake: halina hitilafu. MaZondi akalirudisha tena. Halina hitilafu. Mara ya tatu aliingia na wajukuu wote, wamevaa sare, akaziweka funguo mezani.

"Baba Khuzwayo, leo limezima na lori liko mgongoni kwangu. Huyu mdogo kajikojolea. Sasa niambie, ni mimi nisiyejua kuendesha?"

"Hapana, mama."

"Basi hizo mara mbili ulilijaribu wapi?"

"Hapa hapa mjini, mama."

"Mjini." MaZondi alimtazama juu mpaka chini. "Na mimi nimekwambia linazima wapi?"

Msimamizi wa gereji, Perumal, alimwokoa Khuzwayo kwa kupiga simu huduma kwa wateja, kwenye kampuni yenyewe iliyolitengeneza gari, akaifungua sauti wote wasikie. Akapokea binti wa Johannesburg, adabu tele.

"Poleni sana kwa usumbufu. Waranti italipa kasoro ikitokea mbele ya mtu wenu na kipimo kikiinasa. Mnakichomeka chini ya dashibodi, kina waya wenye kitufe. Gari likizima tu, dereva abonyeze. Asipobonyeza hakirekodi kitu."

"Dada, yaani mtu wangu akalisubiri lizime katikati ya malori?"

"Samahani, baba. Ndiyo utaratibu."

Perumal akakata simu. "Rubani, umesikia. Hilton."

Khuzwayo alitaka kusema mgongo unamuuma. Alifungua mdomo kabisa, akamwona yule mdogo amevalishwa sweta la dada yake kiunoni badala ya suruali, akaufunga.

Alipanda hadi Hilton jasho likimtoka na dirisha wazi. Akageuza. Mteremko ulianza, malori yakishuka kushoto kwake yakinuka breki zilizoungua, na gari likaenda vizuri kiasi cha kumpa tumaini. Kisha taa zote za dashibodi zikawaka na injini ikanyamaza. Usukani ukawa mzito. Kioo cha nyuma kikajaa uso wa lori, na honi yake ikamwingia tumboni. Kitufe kilikuwa pale kitini, kando ya paja. Alikiona. Mkono haukutoka kwenye usukani. Alilivuta gari kwa nguvu zake zote hadi ukingoni mwa barabara, akafungua mlango wa upande wa nyasi, akatapika ugali wa phutu na maziwa lala ya asubuhi. Alipojaribu kuwasha, likawaka kama halijafanya kitu.

"Limezima," alimwambia Perumal.

"Safi. Kitufe?"

"Sikubonyeza."

Perumal alishusha pumzi. "Basi kwao halijazima. Andika halina hitilafu, alichukue, tutajaribu tena akileta."

MaZondi alikuwa ameshasimama kutoka kwenye benchi, ameunyoosha mkono apewe funguo zake. Wajukuu walianza kukusanya mabegi.

Khuzwayo hakuzitoa. "Mama, mara zile mbili sikwenda mteremkoni kwa sababu nauogopa. Nauogopa sana."

Vijana waliomwita Rubani walitazama chini.

"Na mimi nauogopa, baba," alisema MaZondi. "Naushuka kila siku na hawa."

Khuzwayo akaomba utepe wa kunata wa mafundi umeme. Perumal akamkatia kipande. Khuzwayo akakifunga kile kitufe kwenye usukani, chini kabisa ya kidole gumba, mahali ambapo mkono usingehitaji ujasiri wa kuachia chochote. Akavua tai, akampa yule mdogo amshikie.

Juu Hilton alisimama kidogo, akingoja nafasi kati ya malori. Maisha yake yote barabarani alikuwa akimwomba Mungu gari lisizime. Alilegeza breki, akaanza kushuka, akamwomba lizime.