Siku Niliposaini Kwamba Hakuna Maoni

Kabla ya mfumo wa kielektroniki kuja, sheria ndogo za ofisi yetu zilisafiri kwa gari. Tulichapa nakala tano, zikasainiwa, zikapigwa lakiri, kisha dereva akazipeleka Bukoba, na kutoka huko zikaendelea Dodoma. Safari moja rasimu ilirudi baada ya miezi mingi kwa sababu ukurasa mmoja haukuwa na saini. Tuliuchapa upya, ukasainiwa, ukachomekwa mahali pake. Hakuna aliyejua.

Nilikuwa karani wa sheria pale Muleba. Mfumo ulipoanza nilipelekwa Bukoba kwa mafunzo ya siku mbili, nikafikia kwa mama yangu Buhembe. Jioni ya pili nilimwonyesha kwenye simu saini yangu mpya ya kielektroniki: jina, saa, na alama ya kijani pembeni. Aliitazama kwa muda, akasema haifanani na mwandiko wangu. Nilicheka. Nilirudi kazini nikiwa mtu wa pekee pale ofisini aliyeujua mfumo, na sikuficha kwamba jambo hilo lilinipendeza.

Rasimu ya kwanza kuipitisha humo ilihusu ukaushaji wa dagaa visiwani. Ilikataza kuanika dagaa mchangani. Kila mwenye dagaa awe na kichanja cha kuanikia tangu siku sheria itakapotangazwa. Tangazo la kuomba maoni lilibandikwa kwenye ofisi za kata na mialoni, mitumbwi inakotua, mwisho wake Ijumaa, saa ya kufunga ofisi. Hadi Alhamisi hapakuwa na barua hata moja. Fomu ya mfumo iliuliza kama kuna maoni ya wananchi, nami nikachagua "Hakuna", nikasaini. Mwanasheria alisaini baada yangu, kisha mkurugenzi, na kabla ya saa sita mchana rasimu ilikuwa imeshafika mkoani. Nilijisifu moyoni kwamba kazi ya wiki nzima nimeimaliza asubuhi moja.

Ijumaa, kama saa nne, aliingia mama mmoja mwenye khanga iliyolowa upande wa chini. Alikuwa ametoka kisiwani alfajiri. Kutoka kwenye mfuko wa nailoni alitoa karatasi ya daftari iliyoandikwa pande zote mbili, na chini yake majina ya wanawake ishirini na sita, karibu kila jina na alama ya dole gumba kwa wino wa kalamu. Hawakupinga vichanja. Walisema kisiwa chao hakina miti, nguzo hununuliwa nchi kavu na kuvushwa kwa mtumbwi, na wakikatazwa mchanga siku hiyohiyo watakaa bila kazi. Waliomba wapewe muda.

Nilimwambia, "Mama, mfumo umeshafungwa."

Aliniuliza kama tangazo halikusema mwisho ni leo. Nikakubali kwamba lilisema hivyo. Akaitazama saa ya ukutani, kisha akanitazama mimi.

"Basi niandikie tu kwamba tulikuja," alisema. "Nikirudi mikono mitupu wataniuliza nilikwenda wapi."

Hakupandisha sauti. Aliyeniokoa ni mkuu wa masjala, mama mwenyeji wa Izimbya aliyekuwa amebakiza muda mfupi kustaafu. Alikuwa amesikia yote kutoka dirishani kwake. Alikuja, akamsalimia mgeni kwa Kihaya, akaipokea karatasi kwa mikono miwili, akaigonga mhuri wa kupokelewa na kuandika saa. Kisha akaniita nyuma ya kabati za mafaili.

"Nani alijaza kwamba hakuna maoni?"

"Mimi."

"Ulijua mwisho ni leo?"

"Nilijua."

Nilitegemea anigombeze. Badala yake alinishika bega akasema, "Kamwambie mwanasheria mwenyewe, mwanangu, kabla hajaambiwa na mtu mwingine."

Mwanasheria alinisikiliza hadi mwisho, akavua miwani. Alikiri kwamba naye alisaini bila kuangalia tarehe. Zamani, alisema, tungebadili ukurasa na kunywa chai. Sasa rasimu ikirudishwa, ile "Hakuna" ya Alhamisi inabaki ndani pamoja na jina langu, na kila ofisi inayofuata itaisoma. Aliniuliza kama niko tayari. Nilisema niko tayari, nikafungua fomu ya kuomba rasimu irudishwe.

Kwenye nafasi ya sababu niliandika: "Nilijaza kabla ya muda kwisha. Maoni yapo." Nikasaini.

Ilibaki idhini ya mkurugenzi, naye alikuwa Ngenge akikagua mashamba, mahali ambapo mtandao huja na kuondoka. Tulimpigia mara nyingi bila kumpata. Muda wote huo mgeni wetu alikaa kwenye benchi la masjala, na mkuu wa masjala akagawana naye chakula alichokuja nacho kutoka nyumbani, ndizi za bitoke na maharage. Saa nane simu yangu iliita. Mkurugenzi aliniuliza maswali mawili, akasema anapanda kilimani kutafuta mtandao. Baada ya dakika chache jina lake likatokea na alama ya kijani. Kwa utaratibu wa zamani tungemsubiri hadi Jumatatu, na muda ungekuwa umepita.

Fomu ilidai namba ya kitambulisho cha taifa kwa kila mtoa maoni, na wengi wa wale wanawake hawakuwa nacho. Tuliweka namba ya yule mama mmoja kwa niaba ya wenzake, tukaskani karatasi yao na kuiambatanisha, madole yote yakionekana. Alipopewa nakala yenye mhuri aliikunja mara nne akaiweka kifuani. "Kasinge, waitu," alimshukuru mkuu wa masjala. Mimi alinipa mkono.

Nilipewa barua ya onyo, nami niliiona ya haki. Baada ya miezi kadhaa sheria ilitoka ikiwa na kifungu kipya: mwaka mmoja wa kujenga vichanja, na kwa muda huo waanike juu ya nyavu zilizotandazwa mchangani.

Nilikwenda kisiwani na afisa uvuvi kuisoma. Yule mama alinitambulisha kwa wenzake kuwa ndiye karani aliyewapokelea karatasi. Nilitaka kumsahihisha, akanikatiza akaniletea kigoda. Tulisoma kifungu kwa kifungu, wanawake wakiendelea kugeuza dagaa. Nilipomaliza, mmoja alitaka kujua kama nguzo za vichanja zinaweza kukatwa kwenye msitu wa halmashauri. Sheria haikusema lolote. Nilimwomba jina lake, nikaandika swali kama alivyolisema, na yeye akasimama pembeni yangu hadi nilipomsomea tena.