Mwaka Mama Aliposhuka Kwenye Basi

Harufu ya javeli ndiyo iliyonitia wasiwasi. Ilikuwa alasiri ya mwisho wa kiangazi, vumbi jekundu la migodi limetanda juu ya mipapai, na mama ameinama kwenye mbabula akipuliza makaa. Nilipompitia karibu, kitambaa chake cha kichwa kilinuka javeli, ile dawa ya kung'arishia nguo nyeupe, na siku hiyo hatukuwa tumefua kitu. Nywele zilizochungulia shingoni zilikuwa mbichi. Nilikuwa na miaka tisa. Muda mfupi kabla ya hapo, mama mmoja, jirani yetu wa nyuma ya ukuta, alikuwa ametoka nyumbani kwake na sanduku moja, akapanda gari la Lubumbashi, asirudi tena. Kwa hiyo mama yeyote mwenye siri, kwangu mimi, alikuwa mama anayejiandaa kuondoka.

Baba alikuwa karani katika kampuni ya migodi, na alikuwa mwanachama wa sekele, klabu ya wafanyakazi pale Kolwezi. Sekele ilikuwa na ukumbi wa dansi, meza za karata chini ya jakaranda, na bwawa la kuogelea lenye vigae vya buluu, ambalo sote tuliliita pisini. Jumapili tulikwenda huko tumevalishwa soksi nyeupe, tukaambiwa tusizichafue. Lakini sherehe iliyotukosesha usingizi ilikuwa matembezi ya kila mwaka kwenda Nzilo, kwenye ziwa lililojikusanya nyuma ya ukuta wa bwawa la umeme la mto Lualaba. Basi lilipakia sufuria za sombe ya majani ya muhogo, kuku wa kukaanga, makreti ya sukre, yaani soda, na familia nzima nzima zikiimba. Kwa wenzetu furaha ilianzia ufukweni. Kwetu iliishia hapo, kwa sababu mama hakushuka. Alibaki kwenye kiti chake, dirisha limefungwa, amempakata Trezo, mdogo wangu, huku mimi nimekatazwa kuvuka magurudumu ya mbele. Baba alimletea sahani yake mle ndani. Hakuna aliyetueleza sababu, nasi tulikuwa tumelelewa kutouliza.

Mwaka huo basi liliharibika, matembezi yakaahirishwa. Yakaahirishwa tena kwa ajili ya mvua. Katika kungoja huko ndipo mama alipoanza kutoka alasiri, amejifunga kitenge juu ya kitenge, akifuatana na Mama Odile, jirani yetu mnene, mwingi wa kicheko, aliyezaliwa Moba kando ya ziwa Tanganyika.

"Unaenda wapi, mama?"

"Mi narudia sasa hivi. Angalia mwenzako."

Sikuweza kukaa. Nilifagia uwanja uliokwisha kufagiwa. Nilifungua kabati kuona kama nguo zake bado zipo, nikalifunga, nikalifungua tena. Nilisimama barabarani nikitazama malori yakielekea Musonoi, na kila kitenge cha kijani kama chake kilichotokea mbali nilikikimbilia. Hatimaye, siku moja, nilimwacha Trezo kwa majirani nikawafuata.

Waliingia sekele. Wanaume walikuwa kazini na pisini haikuwa na watu, maji yake yakinuka javeli ile ile. Nilichungulia katikati ya ua wa michongoma nikamwona mama amesimama majini hadi kifuani, amefumba macho, anatetemeka mwili mzima. Mama Odile alikuwa amempitishia mikono chini ya mgongo.

"Legeza shingo," alimwambia. "Usipigane na mayi."

Mama akalala juu ya maji kwa kitambo kifupi. Kisha akashtuka, akazama, akaibuka akikohoa, na mimi nikapiga yowe. Alitoka mbio, akanikuta kwenye ua, akaniketisha juu ya vigae na kunikumbatia vile vile alivyolowa.

"Mudogo yangu alipotelea mu mayi, kule Kasaji," alisema. "Nilikuwa namushika mukono. Mayi ikamukamata." Alikamua pindo la kitenge chake. "Kila mwaka mi nabakia mu basi, na ninyi munaniangalia. Hii mwaka nataka kushuka. Tata yako asijue." Nikaahidi kutomwambia baba.

Wahenga walisema mwenye kuumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mama yangu alikuwa akiutafuta ung'ongo na kuushika. Nilidhani nikishajua nitatulia. Sikutulia. Sasa nililala nikiota maji, na kila jioni niliomba mvua inyeshe, barabara ikatike, basi lisipone.

Basi lilipona. Tulifika Nzilo asubuhi yenye jua, upepo ukikunja kunja uso wa ziwa. Mama alishuka wa mwisho. Baba, aliyekuwa anapanga karata na wenzake, aliinua macho, akatabasamu kwa mshangao, akarudi kwenye mchezo. Mama hakungoja chakula. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga: alikunja kitenge cha juu, akampa Mama Odile, akaingia ziwani. Magotini. Kiunoni. Kifuani. Mimi nilikuwa nimemshika Trezo kwa nguvu hata akaanza kulia.

"Mama Bea!" Baba alipiga kelele, akimwita kwa jina langu, na meza ikapinduka. "Rudia! Rudia!"

Aliingia majini na viatu vyake vya Jumapili na suruali iliyopigwa pasi. Alipomfikia, mama alikuwa amelala chali, uso mbinguni, mikono wazi.

"Acha, Tata Bea," alimwambia baba. "Mayi inanibeba."

Baba hakumgusa. Alisimama pale na mikono yake miwili chini ya maji, kama mtu anayengoja kupokea mtoto mchanga. Mama alipotoka alilia kwa sauti kubwa, kilio cha msibani, akiita jina la mdogo wake, na wake za wanachama wakamzunguka na vitenge vyao. Alipotulia akatugeukia. "Kuyeni, batoto." Tukaingia ziwani naye.

Sekele haipo tena. Pisini imejazwa udongo na juu yake yamepangwa magunia ya madini. Ninaishi bado Kolwezi, nami Jumapili huwapeleka wanangu kuogelea kwenye hoteli, ambako tunalipa mlangoni na kila familia ina mwavuli wake. Binti yangu hujitupa majini bila kuuliza. Mimi hukaa ukingoni nikimfuata kwa macho, siwezi kusoma, siwezi kula. Watu wanaotuzunguka ni wapole, lakini hatujuani majina. Juzi mwanamke mmoja alikaa chini ya mwavuli wa jirani akilia peke yake, na sisi sote, mimi nikiwemo, tulitazama simu zetu kwa muda mrefu mno kabla sijainuka na kumpelekea kitenge changu.