Figo ya Penina

Prosper alipoharibikiwa figo zote mbili, ndugu zake wawili walikwenda kupimwa. Hans, kaka mkubwa, mwenye duka la vifaa vya ujenzi Moshono, alirudi akisema vipimo vimemkataa. Akabaki dada yao Penina, mjane aliyelea wanawe kwa kahawa na migomba yake kule Akheri. Akatoa figo moja.

Kwenye ibada ya shukrani Hans alisimama mbele ya usharika, akalia. "Ningetoa mimi," alisema, "ila mwili wangu haukulingana na wake." Penina, mshono bado ukimuuma, ndiye aliyemfuta machozi.

Miaka ikapita. Hospitali ikahamishia mafaili yake kwenye blokcheni. Penina alipokwenda kliniki, muuguzi Brightness alimweleza kwamba kumbukumbu sasa zinatunzwa kwenye kompyuta nyingi kwa pamoja, hakuna awezaye kuzifuta kimyakimya, na mgonjwa ndiye anayeamua nani azisome. Akamfungulia faili lake kwenye simu. Humo mlikuwa pia na majibu ambayo ndugu waliopimwa walikubali familia iyaone. Hans naye alikubali, pengine alitia sahihi bila kusoma.

Penina akasoma: Hans, analingana na mgonjwa. Amekataa kutoa figo, kwa hiari yake.

"Hapa hawajakosea?" aliuliza.

Brightness alisoma mstari ule mara mbili. "Hawajakosea, mama."

Penina alikwenda moja kwa moja dukani Moshono.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Mbona hukusema unakuja?"

Akampa simu. Hans alisoma, akaketi juu ya mfuko wa saruji.

"Niliogopa, Penina. Nilikuwa na watoto wadogo."

"Na wangu je? Wale hata baba hawana."

"Waambie wafute. Prosper asijue."

"Haifutiki."

"Basi nyamaza, mdogo wangu."

"Ungesema unaogopa, ningekuelewa, na figo ningetoa vilevile. Lakini uliniacha nikubembeleze mbele ya watu."

Jioni hiyo Penina alimweleza Prosper mwenyewe, asije akalikuta jambo hilo kwenye simu yake akiwa peke yake. Prosper alimshika mkono.

Hans bado huja Akheri wakati wa Krismasi na mchele na mafuta. Penina humwamkia, humpa kiti na chai. Ila neno kaka halimtoki tena mdomoni. Siku hizi humwita Hans, kama wateja wake wanavyomwita.