Kendi na Sala Isiyotaja Jina

Ijumaa, tarehe 3 Oktoba 2025. Joto lilikuwa limeanza kulegea, lakini unyevu ulikuwa bado mwingi. Mtu akitoka ndani kwenye kiyoyozi, miwani yake iliingia ukungu kabla hajafunga mlango. Kendi alivuka barabara ya mtaa wa Muaither, huku ugenini kwa Waarabu, akifuta yake kwa ncha ya leso, mumewe Nahashon akimshika kiwiko asije akagongwa, wakaenda kwenye maombi nyumbani kwa Proscovia.

Kendi alikuwa nesi, na kazini alikuwa kaburi. Mgonjwa akimnong'oneza jambo, limezikwa. Akiandika faili hulifunika kwa mkono kama mtoto anayeogopa mwenzake ataiba majibu ya hesabu. Akivua sare, hata hivyo, kitu fulani kilivuliwa pamoja nayo. Kwenye kikundi cha maombi hakuna aliyekuwa na habari nyingi kuliko yeye, na zote alizitoa kwa upendo, macho yakiwa yamefumbwa.

Sasa nyumbani mwake kulikuwa na jambo. Binti yake Melissa, wa miaka kumi na saba, alikuwa anashikwa na hofu isiyo na mlango wala dirisha. Moyo unamwenda mbio, vidole vinakufa ganzi, anaona anakufa. Alikimbia nje ya darasa mara mbili, kisha akaacha kabisa kwenda shule, akawa mtu wa chumbani. Kendi alimpima presha. Akapeleka damu yake kupimwa, na matokeo yaliporudi safi akaipeleka tena. Akamlisha maini wiki nzima. Mwishowe Nahashon, ambaye ni msimamizi wa walinzi kwenye jengo moja la West Bay na hana maneno mengi, alisema, "Mama Melissa, mtoto hana upungufu wa damu. Ana shida ya moyo ule mwingine."

Wakampata Bi Samah, mshauri wa vijana, Msudani mpole mwenye kliniki ndogo. Melissa alikubali kwenda kila Jumamosi asubuhi kwa sharti moja.

"Mtu asijue, Mama. Mtu yeyote."

"Mimi?" Kendi alishika kifua. "Mimi ni nesi!"

Jumamosi zilipita chache. Melissa akaanza kulala usiku. Siku moja alitoka chumbani, akaketi mezani nao, akala yai. Kendi alilitazama lile yai likiliwa kama watu wanavyotazama mpira wa fainali. Furaha na hofu vilimjaa, na Kendi akijaa lazima amwage mahali.

Ndiyo sababu Ijumaa ile, Proscovia alipouliza nani ana ombi, Kendi alisimama.

"Sitataja jina," alisema, kwa maana alikumbuka sharti. Akafumba macho. "Bwana, unamjua binti mmoja. Yuko hapa hapa Muaither. Ana miaka kumi na saba, Bwana, mrefu, ana mwanya mzuri, ndiye anayepiga kinanda kwenye ibada ya vijana. Amekaa nyumbani tangu muhula uanze. Baba yake ni mlinzi, mama yake ni nesi, unaijua miguu ya mama huyo inavyouma. Kila Jumamosi anampeleka kwa mshauri. Mguse, Bwana."

"Amina," wakasema watu, huku kila mmoja akimtazama Nahashon, na Nahashon akilitazama zulia.

Kesho yake alasiri kengele ililia. Mlangoni alisimama Proscovia, Mganda mwenye sauti ya kuamsha ghorofa tatu, na akina mama wawili nyuma yake. Walikuja na sufuria ya pilau, maandazi, na chupa ya mafuta ya upako.

"Yuko wapi mtoto wetu?" alisema Proscovia akivua viatu. "Tumekuja kumtia nguvu!"

Kabla Kendi hajapata neno walikuwa nje ya mlango wa chumba cha Melissa, mikono imeegemea ubao. "Roho ya kujifungia, toka!" Proscovia aliamuru. "Melissa, mwanangu, hofu si yako! Fungua tukupe pilau!"

Mlango haukufunguliwa. Waliimba beti nne, wakaacha pilau, wakaondoka wakiwa na amani kubwa.

Melissa alitoka jioni. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililomwogopesha mama yake.

"Umewaambia."

"Sikutaja jina, mwanangu. Muulize baba yako."

"Baba, alisema nini?"

Nahashon alikuwa na tonge la pilau mdomoni. Alimeza polepole. "Alibakiza namba ya kitambulisho tu."

Kendi alimtupia jicho. Lakini Melissa hakucheka. "Khalas, imetosha. Kwa Bi Samah siendi tena. Kule nilikuwa naongea kwa sababu nilijua hakuna mtu mwingine anayejua. Sasa hata wenye kuimba wanajua."

Mlango ukafungwa, na asubuhi hakuna aliyekula yai.

Wiki ile Kendi aliomba msamaha kwa njia zote alizofundishwa kwao, na hakuna hata moja iliyokuwa na neno "samahani". Alibisha akauliza kama kuna nguo za kufua. Alipika mukimo, viazi vya kupondwa na mahindi. Aliweka chai nje ya mlango, ikapoa, akaweka nyingine. Alimpigia Bi Samah, aliyemsikiliza mpaka mwisho, akamwambia kwamba nafasi ya Melissa ya Jumamosi ameiacha wazi, ila hawezi kumvuta mtu kwa kamba. Kendi alijua maana yake. Msichana akiacha sasa, atarudi kule kwa moyo kwenda mbio na vidole kufa ganzi, na safari hii hatamwambia mama yake.

Jumatano aliketi sakafuni nje ya mlango, miguu ikiwa imenyooshwa.

"Melissa, nifanye nini?"

Sauti ikatoka ndani: "Irudishe."

"Nirudishe nini?"

"Ile sala."

"Haki ya nani! Sala hairudishwi, si shati la dukani."

"Hata shati linarudishwa ukiwa na risiti," Nahashon alisema kutoka sebuleni.

"Wewe nyamaza!" Kisha, kwa sauti ya chini, kwenye ubao wa mlango: "Nikirudisha, utaenda?"

"Sijui. Rudisha kwanza."

Ijumaa iliyofuata sebule ya Proscovia ilijaa kuliko kawaida. Habari ya mgonjwa ina watu wake. Melissa alikuja. Alikaa karibu na viatu, mgongo kwenye mlango, kama mtu aliye tayari kukimbia. Kendi alimwona.

"Mama Melissa!" Proscovia aliita. "Tupe ushuhuda. Yule binti tusiyemtaja anaendeleaje?"

Kendi alisimama. Safari hii hakufumba macho.

"Ombi nililoleta wiki iliyopita, nimekuja kulirudisha."

"Limejibiwa!" mtu mmoja alipiga makofi.

"Halijajibiwa. Nalirudisha tu."

"Banange, jamani!" Proscovia alishika kiuno. "Unarudisha vipi? Sisi tumeshafunga! Siku tatu! Hata chai hatujanywa, mpishi wetu kule hotelini ninakofanya kazi amenitengea keki nikamwambia peleka mbali, shetani!"

Watu walicheka, lakini walikuwa wanangoja. Kendi alihisi maelezo yote yakipanda kooni: mchana wa darasani, vidole, maini, yai. Yangemtoka kwa utamu, na wote wangelia pamoja naye, na ingekuwa raha kweli. Alishika ukingo wa kiti.

"Halikuwa langu," alisema. "Lilikuwa la mwenyewe, nikalichukua bila ruhusa. Nawaomba msiulize, msimtembelee, wala msimwimbie mlangoni. Mkikutana naye msalimieni kama jana na juzi. Na yeye namwomba anisamehe."

Katika nyumba ile hakuna aliyewahi kusikia mama akimwomba mtoto msamaha hadharani, na wengine hawakujua wapi pa kutazama.

"Sasa tuombee nini?" Proscovia aliuliza, kwa upole wa kushangaza. "Maana kufunga tumefunga."

"Niombeeni mimi."

"Una shida gani?"

"Mdomo."

Kicheko kilipasuka hata kwa waumini ambao ni walinzi wa zamu ya usiku, waliokuwa wanasinzia pembeni. Proscovia aliweka mkono kichwani pa Kendi, akaomba kwa sauti yake yote: "Bwana, tunakusihi, weka mlinzi kinywani pa mama huyu! Asiwe wa zamu moja, Bwana, awe wa zamu zote mbili! Asiwe wa kusinzia kama hawa wako hapa!"

"Amina!" walinzi walisema, wakicheka.

Karibu na viatu, Melissa alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja, mabega yakitikisika. Walipokuwa wanavuka barabara kurudi alitembea hatua moja mbele yao. Bila kugeuka aliuliza, "Kesho ni saa ngapi?"

"Saa nne," Kendi alijibu, na hakuongeza neno. Nahashon alimtazama kama mtu aliyeona ngamia akitembea kinyumenyume.

Asubuhi yake Kendi alimpeleka. Alizima gari kwenye maegesho ya kliniki, na Melissa akapanda ngazi peke yake. Kendi alibaki nyuma ya usukani, akikisoma kitabu cha maelekezo ya gari, ukurasa wa matairi. Simu ililia: Proscovia.

"Mko wapi, nyabo, dada yangu? Nimebisha kwenu hakuna mtu."

Kendi alifungua mdomo, akaufunga, akaufungua tena. "Naenda Umm Salal. Sokoni. Kununua nyanya."

Melissa aliposhuka, macho yake yalikuwa mekundu lakini uso umetulia. Kendi hakuuliza lolote. Alikiri tu lile la simu.

"Yaani mmeniombea mdomo jana, leo umeshadanganya?"

"Kidogo."

Melissa alifunga mkanda. "Basi yalla, twende Umm Salal tukazinunue, isiwe dhambi."

Wakaenda. Kendi alibishana bei na muuzaji kwa Kiarabu chake cha hospitalini, Melissa akishikilia boksi na kumsahihisha, wakarudi na nyanya nyingi kuliko watu watatu wanavyoweza kula.