Ushuhuda Wangu wa Gari Jipya

Jamani, aibu hii nilikuwa nimeapa kuimeza, lakini kwa kuwa Kibondo nzima wanaijua na kila nikipita sokoni watu wananichekea, bora muisikie kwangu mwenyewe.

Marehemu baba alituachia pikapu ya kijani, ya zamani kweli, aliyokuwa akibebea maharage, na bodi ilikuwa imeliwa na kutu kiasi kwamba ukiwa ndani unaiona barabara (sitanii). Dada yangu mdogo Oliva alipochumbiwa na kijana wa Kasulu, nikajitapa mbele ya ukoo kwamba bibi harusi wetu hatapanda gari la kukodi, atapanda letu. Nikalipeleka gereji Kasulu kwa fundi Gervas, akang'oa kila kitu akabakiza injini na chesisi, akaliundia bodi mpya nyeupe, iliyofunikwa, na benchi za abiria nyuma, likarudi linang'aa mpaka mwenyewe nikaliogopa.

Kilichobaki ni karatasi tu, maana kadi ilisema pikapu ya kijani, na trafiki lazima alikague gari ndipo kadi ibadilishwe. Ukaguzi Jumatatu, harusi Jumamosi yake. Mwenye akili angetulia, lakini mimi Jumapili nikalipeleka kanisani liombewe, kama tunavyofanya huku mtu akipata chombo, mchungaji akanipa kipaza sauti, na nilipoona kwaya nzima inaniangalia (suti yenyewe ya kuazima) nikasema, "Bwana amenitendea, amenipa gari jipya." Vigelegele vikalia. Basi lile neno likaninogea mdomoni, nikalirudia mara tatu.

Jumatatu nafika kwenye ukaguzi, afande anayenipokea (mama mmoja mpole, kahamishiwa huku kutoka Tanga juzijuzi) anatazama kadi, analizunguka gari, ananitazama mimi.

"Kaka, kadi hii ni ya pikapu ya kijani."

"Ndilo hilihili, afande. Nimebadilisha bodi tu."

"Jana ulisema ni jipya. Nilikuwa benchi la tatu."

Nilitafuta pa kuuweka uso nikakosa. Nikaanza kumweleza kwamba jipya la kanisani si jipya la barabarani, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kuharibu. Akaniambia taratibu kwamba wapo watu wanaochukua kadi ya gari lililokufa wakaipachika kwenye gari la wizi, kwa hiyo tuangalie namba ya chesisi, ikilingana na kadi niende zangu. Tukainama, namba haionekani. Gervas, na ufundi wake wote, alikuwa amechomelea bati la sakafu na benchi juu yake. Gari likabaki uani mwa kituo, nikarudi nyumbani kwa miguu, na Oliva aliposikia hakula siku hiyo, maana alikwishawaambia wakwe watarajie gari jeupe.

Jumatano Gervas akaja na mashine ya kukatia chuma. Habari zilikuwa zimemtangulia, nusu ya kwaya ikaja kuangalia gari la ushuhuda likipasuliwa, na mama yangu naye akaja. Bati lilipotoka, afande akasoma namba mojamoja kwa sauti nami nafuatilia kwenye kadi, zikalingana zote. Akatia saini fomu yangu.

"Kadi itabadilishwa," akasema. "Ushuhuda utaurekebisha mwenyewe."

Watu wakacheka, mama hakucheka. Aliinama akapitisha kidole kwenye kile chuma cheusi cha zamani, akaniambia polepole, "Mwana wanje," yaani mwanangu kwa Kiha chetu, "Jumapili ulisema gari jipya mara tatu. Jina la baba yako sikulisikia hata mara moja."

Hapo ndipo nilipoona aibu ya kweli, ile ya afande ilikuwa mchezo.

Jumamosi Oliva alikwenda Kasulu na gari letu, yeye mbele na shela lake, wapambe nyuma wamekalia magunia ya maharage kwa sababu benchi zilikuwa zimeng'olewa, na walicheka njia nzima. Jumapili iliyofuata nikaomba tena kipaza sauti (mchungaji alisita kidogo), nikasema gari ni la marehemu baba yetu Melkiori, aliyelitunza kuliko alivyotutunza sisi watoto, na kwamba kipya pale ni bati na rangi. Mama akapiga kigelegele peke yake, nikamrudishia mchungaji kipaza sauti.

Sitajisifia tena kitu mbele za watu kabla ya kumtaja aliyekianzisha. Siku hizi mtu akilisifia gari nasema ni la baba, na akiuliza baba yupi, namsimulia mpaka achoke.