Saa Tatu ya Shangazi

Shangazi yangu ni mtunza maabara chuo kikuu. Anaosha vyupa, anafuta meza, na kila siku saa tatu asubuhi, hata sikukuu, huenda nyuma ya jengo kupima mvua. Humimina maji ya kopo linalokinga mvua kwenye chupa yenye mistari, akainama mpaka macho yawe sawa na maji, akaandika daftarini. Mwaka wa kumi na tisa huu. Hana mume wala mtoto. Ana mimi tu, niliyeishia darasa la tano nikaja kukaa naye. Mlinzi wa geti humtania, "Shangazi, mumeo mvua kaja jana?" Naye humjibu, "Kaja, ila hakukaa."

Mwezi uliopita profesa alimwambia kuna kongamano la maadili, usawa na tabianchi katika kufundisha sayansi, na kwamba siku hiyo atamsimamisha watu wamjue. Shangazi alilipiga pasi gauni lake la bluu mara mbili.

Tulikaa safu ya nyuma kabisa. Wageni walichelewa, hotuba zikasogea mbele. Nikamwona anaitupia jicho saa ya ukutani. Nilimnong'oneza leo apime baadaye, nani atajua.

"Saa tatu ni saa tatu," akasema, akatoka ameinama asije akawakinga watu.

Hata mlango haujatulia, profesa akaonyesha mchoro wa mvua za miaka yote hiyo. Alisema usawa katika sayansi uanze kwa kumtaja anayefanya kazi. Akamtaja, akamwomba asimame. Ukumbi mzima ukageuka, wakakiona kiti kitupu, na mimi pembeni yake. Nilitaka kusema yuko nje anapima. Nikainamia viatu vyangu. Profesa akasema labda amepata udhuru, wakapiga makofi kidogo, mchoro mwingine ukaja.

Shangazi alirudi na vumbi kwenye pindo la gauni. Aliniuliza kwa sauti ya chini kama wameshafika kwake.

"Wamekutaja," nikasema. "Wamepiga na makofi."

Akaketi, akalinyoosha gauni magotini. "Ukawaambia niko wapi?"

Nikatikisa kichwa kukataa.

Hakunigombeza. Alifungua daftari mapajani, akaandika tarehe na sifuri, maana mvua haikunyesha. Kisha akakaa wima mpaka mwisho, akitazama mbele, kama mtu ambaye bado hajaitwa.